Nielsen, Neeson na Suala la Kurithi Kichekesho

Leslie Nielsen na Liam Neeson si mtu mmoja, wala si ndugu. Inabidi tuanzie hapo, kwa sababu tangu filamu mpya ya The Naked Gun ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 1 Agosti 2025, majina hayo mawili yamekuwa yakigongana vichwani mwa watu. Nielsen alikuwa Mkanada, mzaliwa wa Regina mwaka 1926, akafariki Novemba 2010 akiwa na miaka 84. Neeson alizaliwa Ballymena, Ireland Kaskazini, mwaka 1952. Kinachowakutanisha ni ukoo wa kubuni. Nielsen aliigiza Frank Drebin, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles anayevuruga kila anachokigusa na asijue kama amevuruga. Neeson anaigiza mtoto wa huyo Drebin, aliyepewa jina la baba na kuingia kwenye kazi ya baba.

Ukishawatenganisha hao wawili, linabaki fundo gumu zaidi. Watu wanabishana kama filamu hii ni ile ile ya zamani au ni nyingine, kama ilikuwa halali kumweka mtu mahali pa marehemu, na kwa nini wengine wakijaribu jambo hilo hilo wanaanguka kifudifudi. Naona mabishano mengi yangetulia kama tungeulizana kwanza: katika mfululizo ule wa zamani, kicheko kilikuwa kinakaa wapi? Kwenye mwili wa steringi, au kwenye mambo yanayomzunguka?

Kufufua kwa njia tatu

Tunaposema filamu "imefufuliwa" tunachanganya mambo matatu. Chukua mfano wa nyumba. Unaweza kuibomoa na kuijenga tena kwa ramani ile ile: hiyo ni kutengeneza upya, hadithi ni ya zamani na sura ni mpya. Unaweza kubaki na kiwanja na jina tu, ukachora ramani nyingine na kuishi kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa hapo: huko ni kuanza upya. Au nyumba inabaki, waliokaa mwanzo wamezeeka au wamekufa, picha zao bado ziko ukutani, na mtoto anahamia: huo ni mwendelezo wa kurithi.

The Naked Gun ya 2025 ni ya aina hii ya tatu. Yaliyotokea katika filamu za 1988, 1991 na 1994 yanahesabika kuwa yalitokea kweli, na Drebin mzee alikuwepo. Kilichowachanganya watu ni jina, kwa sababu filamu mpya haina namba wala maneno ya nyongeza. Inaitwa The Naked Gun basi. Mtu akiliona jina hilo karibu na uso mwingine ana haki ya kudhani ile ya 1988 imepigwa upya. The Pink Panther ya 2006 ni ya aina ya pili: Steve Martin ni Inspekta Clouseau mwenyewe, mpelelezi wa Kifaransa, kana kwamba Peter Sellers, aliyemwigiza mwanzo, hakuwahi kuvaa koti lile. Tofauti hiyo ina uzito, na tutairudia.

Vichekesho vya vishindo

Filamu hizi ziko kwenye ukoo wa vichekesho ambavyo Waingereza huviita slapstick, na mimi nitaviita vichekesho vya vishindo. Jina la Kiingereza limetokana na kifaa halisi. Katika michezo ya jukwaani ya Italia ya karne ya 16, iliyoitwa commedia dell'arte, mhusika Arlecchino alibeba fimbo iliyounganishwa kwa mbao mbili nyembamba. Akimchapa mwenzake, mbao zile ziligongana na kutoa mlio mkali, ilhali aliyechapwa hakuumia sana. Hayo ndiyo makubaliano kati ya mwigizaji na mtazamaji mpaka leo: kishindo kikubwa, maumivu madogo. Mtazamaji akianza kumwonea huruma aliyeanguka, kicheko kinakatika.

Wengi huamini kwamba hii ndiyo aina rahisi kuliko zote, kwamba ukipata mtu wa kuanguka na ganda la ndizi umemaliza. Si kweli hata kidogo. Mtazame Buster Keaton katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye amesimama pale pale ambapo tundu la dirisha la ghorofani litapita, kwa hiyo ukuta unalala chini na yeye amebaki wima katikati ya mbao. Ukuta ulikuwa wa kweli. Nafasi kati ya mwili wake na fremu ya dirisha ilikuwa ndogo mno, angesogea kidogo tu asingebaki mzima. Na uso wake haubadiliki. Keaton alijulikana kwa uso huo usiocheka, na kwangu mimi hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote hii. Asiyejua kwamba anachekesha huchekesha kuliko anayejua. Ukiona mtu anakukonyeza kabla ya kuanguka, umeshaambiwa ucheke, na wewe si mtoto wa kuambiwa.

Nielsen hakuwa mchekeshaji

Wanaosema hakuna anayeweza kuvaa viatu vya Nielsen mara nyingi husahau alikotoka. Kwa karibu miaka 30 alikuwa mwigizaji wa mambo mazito. Mwaka 1956 alikuwa kamanda wa chombo cha anga katika Forbidden Planet. Mwaka 1972 alikuwa nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure. Alikuwa na mvi, sauti ya mamlaka, na uso wa mtu unayeweza kumwachia ndege.

Wakaja vijana watatu: ndugu David na Jerry Zucker, na rafiki yao Jim Abrahams. Waliipata filamu ya mwaka 1957 iitwayo Zero Hour!, hadithi isiyo na mzaha hata chembe, kuhusu ndege ambayo marubani wake wanaugua kwa kula chakula kibaya. Wakanunua haki zake, wakaifuata karibu hatua kwa hatua, na mwaka 1980 wakatoa Airplane!. Ubunifu wao mkubwa ulikuwa kuwakataa wachekeshaji. Waliwachukua Nielsen, Robert Stack, Lloyd Bridges na Peter Graves, watu waliozoeleka kwenye filamu na tamthilia za kukunja uso, na wakawataka waseme maneno ya kipuuzi kwa uzito ule ule waliouzoea.

Mwaka 1982 watatu hao walimpeleka Nielsen kwenye televisheni ya ABC katika tamthilia ya Police Squad!, na huko ndiko Frank Drebin alikozaliwa. Vilitengenezwa vipindi 6 tu, na ikafutwa. Sababu aliyoitoa kiongozi wa ABC wakati huo, Tony Thomopoulos, ilikuwa kwamba mtazamaji alilazimika kuitazama ili aifurahie. Watu wamelicheka sana jibu hilo, lakini linatusaidia, kwa sababu alieleza kitu cha kweli kuhusu mahali kicheko kilipokaa. Tamthilia nyingi za siku hizo zilimalizika kwa picha kuganda huku majina yakipita. Katika Police Squad! picha haikuganda; waigizaji walijigandisha wenyewe, wakasimama kama sanamu, na vitu vingine vyote vikaendelea kusogea. Aliyekuwa jikoni akisikiliza kwa sikio moja hakupata kitu. Kichekesho kilikuwa nyuma ya mwigizaji, pembeni yake, ndani ya maneno aliyoyasema bila kuyashtukia.

Kwa hiyo kazi ya Nielsen ilikuwa kuwa nguzo isiyotikisika katikati ya vurugu. Ni kazi ngumu, na aliifanya kuliko yeyote. Lakini ni kazi ambayo ina umbo linaloweza kuelezwa, na kinachoweza kuelezwa kinaweza kurithiwa.

Mwili ukiondoka na kicheko

Sasa mweke Clouseau pembeni ya Drebin. Filamu ya kwanza ya The Pink Panther, ya mwaka 1963, haikukusudiwa kuwa yake. Ilijengwa kumzunguka mwizi mtanashati aliyeigizwa na David Niven, na huyo "chui wa waridi" hakuwa mnyama bali almasi. Nafasi ya inspekta alipewa kwanza Peter Ustinov; alipojitoa, Sellers akaziba pengo na kuiteka filamu nzima. Mwongozaji Blake Edwards aliona alichokipata, na mwaka uliofuata akamfanya Clouseau kuwa mhimili wa A Shot in the Dark.

Clouseau naye ni mtu asiyekubali kwamba ameanguka, ana heshima yake hata akiwa ndani ya bwawa. Msingi ni ule ule wa Keaton. Tofauti ni kwamba kwa Sellers kicheko kilikuwa ndani ya mwili na koo lake: lafudhi ya Kifaransa isiyofanana na Kifaransa chochote, namna ya kuinua kidevu, namna ya kugeuka na kukuta mlango haupo. Ukiyaandika hayo kwenye mswada, karatasi inabaki na "Clouseau anaingia, anaanguka." Kilichobaki alikuwa anakuja nacho yeye.

Na historia imelijaribu jambo hilo mara nyingi kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 1968 Alan Arkin, mwigizaji hodari, aliigiza Clouseau bila Sellers na bila Edwards. Filamu hiyo imesahaulika na wengi. Sellers alirudi mwaka 1975, 1976 na 1978, kisha akafariki Julai 1980. Hapo likafanyika jambo ambalo mimi naliona baya. Mwaka 1982 Edwards alitoa Trail of the Pink Panther, filamu iliyounganishwa kutokana na vipande vya Sellers vilivyokatwa kutoka filamu za nyuma. Mjane wake, Lynne Frederick, alishtaki London akashinda, na fidia ilizidi dola milioni 1. Mwaka 1983 akaja Ted Wass kama askari mwingine anayemtafuta Clouseau aliyepotea. Mwaka 1993 akaja Roberto Benigni kama mtoto wa Clouseau, na mfululizo ukalala tena. Steve Martin alipoichukua nafasi mwaka 2006, tiketi ziliuzwa vizuri. Ya pili, mwaka 2009, mapato yalishuka sana na hadi leo hakuna ya tatu.

Hakuna kati ya hawa aliyekuwa mwigizaji dhaifu. Benigni miaka michache baadaye alishinda Oscar. Waliombwa kubeba kitu ambacho hakikuwa na mpini. Wakimwiga Sellers, tunaona wanaiga. Wakiacha kumwiga, tunauliza Clouseau yuko wapi.

Hapa watu huleta mfano wa Three Stooges, kundi la wachekeshaji watatu, na ni mfano mzuri. Curly Howard alipopata kiharusi mwaka 1946, nafasi yake ilichukuliwa na kaka yake, Shemp, na kundi likaendelea kwa karibu miaka 10. Liliwezekana kwa sababu kicheko cha kundi lile kilikaa kati ya watu watatu, katika mdundo wa nani anampiga nani na lini, na Shemp alikuwa amecheza nao tangu enzi za jukwaani. Hakujifanya Curly. Shemp alipofariki mwaka 1955 zilikuwa zimebaki filamu fupi 4 za mkataba, zikamalizwa kwa vipande vya zamani na mtu mwingine, Joe Palma, aliyepigwa picha akiwa amegeuka au amejiziba uso. Kufanana kulitafutwa mpaka mwisho, na ndizo filamu ambazo leo hutajwa kama mfano wa jinsi ya kutomrithi mtu.

Nani anatoa ruhusa

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba familia ya marehemu lazima ikubali. Kwa kawaida mhusika wa filamu si mali ya aliyemwigiza. Hakimiliki iko kwa studio iliyogharamia au iliyonunua haki, na kwa upande wa The Naked Gun ni Paramount. Studio inaweza kumpa Drebin mtoto, mjukuu au jirani bila kuomba ruhusa kwa jamaa za Nielsen. Kesi ya Frederick inaonyesha mpaka ulipo: mhusika ni wa studio, lakini kazi ambayo marehemu aliifanya kwa mwili na sauti yake ni suala jingine, na matumizi yake yanaweza kufungwa na mikataba aliyosaini akiwa hai. Kumpa mtu mwingine nafasi ni jambo moja, kumtumia marehemu mwenyewe ni jambo la pili kabisa.

Hata waasisi wanaweza kuachwa nje. David Zucker hakuhusika na filamu ya 2025, na alisema hadharani kwamba hakufurahishwa nayo. Kisheria haikuwa lazima ashirikishwe. Kibinadamu, namwelewa: ni yeye na wenzake waliogundua mashine hii. Filamu mpya iliongozwa na Akiva Schaffer, na Seth MacFarlane alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake.

Wapo pia wanaosema mfululizo ulikufa kwa sababu Nielsen alikufa. Tazama miaka. Filamu ya tatu ilitoka 1994, Nielsen akafariki 2010. Ni miaka 16 ambayo alikuwepo na bado hakukuwa na ya nne. Ya pili iliingiza takriban dola milioni 87 Marekani, ya tatu ikaishia takriban milioni 51. Mashine ilikuwa imeanza kuchoka fundi wake akiwa hai, na sababu moja ni kwamba kilichokuwa kinakejeliwa kilikuwa kimezeeka. Drebin wa kwanza alikejeli tamthilia za polisi za miaka ya 1950 na 1960: sauti nzito ya msimulizi, tarumbeta, koti na kofia. Kila mwaka uliopita, watazamaji waliozikumbuka tamthilia hizo walipungua.

Kwa nini Neeson

Desemba 2013 ilitangazwa kwamba Ed Helms ndiye atakayekuwa Drebin mpya. Helms ni mchekeshaji mzuri, na mpango ule haukutimia. Nadhani ni heri haukutimia, kwa sababu ungerudia kosa la kuleta mtu ambaye watazamaji wameshajiandaa kumcheka kabla hajafungua mdomo. Siri ya Airplane! ilikuwa kinyume cha hapo.

Neeson anakuja na mzigo mwingine. Watu wanamkumbuka katika Schindler's List ya 1993, iliyomfikisha kwenye uteuzi wa Oscar, na tangu Taken ya 2008 wanamjua kama mwanamume mwenye sauti ya chini anayeahidi kukutafuta mpaka akupate. Filamu kadhaa za namna hiyo zimefuata. Kwa hiyo alipewa nafasi ya Nielsen kwa sababu ile ile iliyompa Nielsen nafasi mwaka 1980, na hakuombwa kufanana naye. Nielsen alikuwa na miaka 62 filamu ya kwanza ilipotoka. Neeson alikuwa na 73. Umri huo haukuwa kikwazo, kwa kuwa nguzo haiombwi kuruka.

Na kejeli ikahama pamoja naye. Hawakurudi kwenye tamthilia za 1950. Filamu mpya inacheza na filamu za kulipiza kisasi, zile zile zilizomfanya Neeson awe alivyo, na adui wake ni tajiri wa teknolojia na magari ya umeme, aliyeigizwa na Danny Huston. Pamela Anderson, anayeigiza Beth Davenport, anasema mistari ya ajabu kama anayesoma hati ya kiapo, jambo ambalo Priscilla Presley alilifanya vizuri sana katika zile tatu za mwanzo. Filamu ina dakika 85 tu, na huo pia ni uamuzi wa busara: vichekesho vinavyoporomoka mfululizo hivi humchosha mtu upesi.

Kuhusu mapato, tahadhari moja. Imeripotiwa kwamba filamu iliingiza kidogo zaidi ya dola milioni 100 duniani kwa gharama ya utengenezaji ya takriban milioni 42, na wengi wakahesabu tofauti kama faida. Mauzo ya tiketi si fedha za studio. Takriban nusu hubaki kwa wenye majumba ya sinema, na matangazo hulipwa kando. Ni matokeo ya kuridhisha kwa vichekesho katika miaka ambayo vichekesho vingi vimehamia kwenye televisheni za nyumbani, lakini hayawafanyi waliotoa hela kuogelea kwenye dhahabu. Anayesema kwamba wamefufua jina kwa sababu ya pesa anasema kweli. Jina linalofahamika hupunguza kazi ya kulitangaza, lakini halimfanyi mtu acheke mara tu anapokuwa ameshakaa kitini.

Kuna onyesho mapema katika filamu ambalo naona waandishi walilijibu swali letu lote. Katika ofisi za polisi kuna ukuta wa picha za askari waliotangulia. Frank mdogo anapiga goti mbele ya picha ya baba yake, na pembeni watoto wa askari wengine nao wako mbele ya baba zao. Anamwambia marehemu kwamba anataka kuwa kama yeye kabisa, na papo hapo awe tofauti kabisa na mpya. Ni ombi lisilowezekana, na ndilo ombi ambalo kila studio humpa steringi mpya. Neeson analisema lote kwa sauti iliyojaa machozi, na uso wake hautabasamu.